Lebo ya nuru au kingamwili? Kuchagua njia ya kupima protini ukiwa labo ya Lubumbashi

Kobalti ndiyo inayowaleta wengi kwenye swali hili. Mji wetu umekaa juu ya shaba na kobalti, na mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini vya Katanga wana kobalti nyingi mno katika mkojo. Swali lililofuata bado liko mezani: ikishaingia mwilini, inafanya nini ndani ya seli? Sehemu ya jibu inajulikana. Kobalti inaidanganya seli ijione imekosa hewa, na mlango inaoupitia ni protini iitwayo HIF-1α.

Nitaitumia protini hiyo kuwa kielelezo, kwa sababu ni protini inayotesa wapimaji. Katika seli yenye oksijeni ya kutosha, HIF-1α inatengenezwa muda wote na kuvunjwa muda wote. Nusu-uhai wake haufiki dakika tano. Vimeng'enya fulani vinaibandika alama ya kemikali kwenye prolini (aina ya asidi amino) mbili, ya 402 na ya 564, kisha protini nyingine, VHL, inaitambua alama hiyo na kuifanya HIF ipelekwe kuvunjwa kwenye proteasomu, kinu cha seli cha kusaga protini. Vimeng'enya hivyo haviwezi kazi bila oksijeni na chuma. Oksijeni ikipungua, au kobalti ikivuruga nafasi ya chuma, alama haibandikwi. Protini inarundikana, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni nyingi, ikiwemo ile ya erithropoietini, homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. (Ndiyo maana zamani madaktari waliwahi kuwapa wagonjwa wa upungufu wa damu chumvi ya kobalti, mpaka madhara yake yakawafanya waiache.) Ugunduzi wa jinsi seli inavyohisi oksijeni ndio uliowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Basi mwanafunzi anakuja na sahani yake ya seli na chupa ya kobalti kloridi. "Prof, nikiweka kiasi hiki, HIF inapanda kiasi gani, na baada ya muda gani?" Hapo ndipo njia zinapoachana.

Ninakoegemea niseme mapema. Kwa seli za kukuzwa labo, dozi nyingi na saa nyingi za kufuatilia, lebo ndogo ya nuru iitwayo HiBiT (kipande kinachounganishwa na protini unayoipima ili kitoe mwanga) inazishinda njia nyingine zote, mradi kuna mtu wa kukutengenezea seli zenyewe. Kwa damu au tishu ya mtu, lebo hazina kazi. Rudi kwenye kingamwili, protini inayoishika ile unayoitafuta. Na ile ripota ya lusiferesi ya kimulimuli, ambayo kila mtu aliisoma darasani, mara nyingi inajibu swali ambalo hukuuliza. Nianze na hiyo.

Swichi, au protini yenyewe?

Jeni ya lusiferesi ya kimulimuli wa Marekani, Photinus pyralis, ilinakiliwa mwaka 1985, na tangu hapo imekuwa chombo cha kawaida cha labo duniani kote. Kimulimuli anang'aa kwa sababu kimeng'enya chake, lusiferesi, kinaunguza lusiferini kwa msaada wa oksijeni, ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) na magnesi, na nishati inatoka kama mwanga wa kijani-njano. Ukitaka kuitumia kwa HIF, unachukua kipande cha DNA ambacho HIF hukishika, unakiweka mbele ya jeni ya lusiferesi, unakiingiza ndani ya seli kwa plasmidi, yaani duara dogo la DNA. Hiyo ndiyo ripota. HIF ikipanda inashika kipande, lusiferesi inatengenezwa, unamimina lusiferini, mashine inahesabu mwanga.

Njia hiyo ni rahisi, plasmidi zake zinapatikana, na mwalimu yeyote wa baiolojia ya molekuli anaweza kukusaidia. Ila hebu upitie mnyororo huo pole pole. Mashine haikuhesabu HIF-1α. Imehesabu lusiferesi iliyotengenezwa kwa amri ya HIF. Katikati kuna kunakili jeni, kusafirisha mRNA, kuunda protini mpya, na protini hiyo mpya ina maisha yake: ndani ya seli za mamalia nusu-uhai wa lusiferesi ya kimulimuli ni kama saa tatu. HIF inaweza kupanda ghafla na kushuka, na ripota ikaendelea kuwaka kwa masaa kana kwamba hakuna kilichotokea. Kibaya zaidi, dawa ikizuia HIF kuwasha jeni bila kugusa wingi wake, mwanga utashuka, nawe utaandika kwamba protini imepungua. Sivyo. Protini ipo tele, imefungwa mikono tu.

PCR ya mRNA, yaani kupima nakala ya jeni inayotumika kuunda protini, nayo haikuokoi hapa. Kobalti haiongezi sana mRNA ya HIF-1α. Inachozuia ni uvunjaji wa protini. Ukipima mRNA unaweza kuona mstari bapa na kudhani kobalti haina neno.

Lebo iliyounganishwa na protini yenyewe ni jambo jingine kabisa. Hapo lebo na HIF vinatoka kama mnyororo mmoja wa asidi amino. Protini ikitengenezwa, lebo imetengenezwa. Protini ikivunjwa, lebo imevunjwa nayo. Mwanga unafuata wingi wa protini karibu hatua kwa hatua. Kwa protini ambayo siri yake yote iko kwenye kuvunjwa, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Siidharau ripota. Kama swali lako ni "je, njia ya HIF imewaka au haijawaka?", ripota inatosha, na ni bei nafuu. Weka tu pembeni yake lusiferesi ya pili, ile ya Renilla (kiumbe wa baharini), ili usahihishe tofauti za idadi ya seli na za uingizaji wa plasmidi. Ila kichwa cha tasnifu kikisema "kiwango cha HIF-1α", usilete ripota ukategemea jury wasione.

Uzito wa lebo

| Lebo | Uzito (kDa, yaani kilodaltoni) | Chanzo | Inachohitaji ili ionekane |
|---|---|---|---|
| Lusiferesi ya kimulimuli | 61 kDa | kimulimuli Photinus pyralis | lusiferini, oksijeni, ATP, magnesi |
| GFP | 27 kDa | konyeza Aequorea victoria | mwanga wa kuichochea. Oksijeni wakati wa kukomaa |
| NanoLuc | 19 kDa | kamba wa kina kirefu Oplophorus gracilirostris | furimazini, oksijeni |
| HiBiT | 1.3 kDa | kipande cha NanoLuc kilichoboreshwa | LgBiT, furimazini, oksijeni |

HIF-1α ina asidi amino 826. Lusiferesi ya kimulimuli ina 550. Kuziunganisha ni kumbebesha mtoto gunia la makaa na kutegemea atembee kama kawaida: huenda akafika, lakini huwezi kusema huo ndio mwendo wake. Lebo kubwa inaweza kubadilisha jinsi protini inavyojikunja, mahali inapokaa, inavyoshikana na wenzake, na hata kasi ya kuvunjwa, yaani jambo lile lile unalotaka kupima. HiBiT ni asidi amino 11 tu.

NanoLuc ilitangazwa mwaka 2012. Ilitokana na kimeng'enya cha kamba wa bahari ya kina, ikabadilishwa labo mpaka ikatoa mwanga mara 150 hivi kuliko wa kimulimuli au wa Renilla, na ikatengenezewa chakula chake, furimazini. Haihitaji ATP. Kwa anayepima seli hai zilizotiwa sumu ya metali, hilo lina uzito: seli ikianza kufa, ATP inashuka, na lusiferesi ya kimulimuli iliyo ndani yake inafifia hata kama haijapungua hata moja. Ukizipasua seli kwanza tatizo hilo linaondoka, maana kitendanishi kinakuja na ATP yake.

Baadaye NanoLuc ikakatwa vipande viwili. Kikubwa, LgBiT, kina kDa 18 na peke yake hakiwaki. Kidogo kina matoleo mawili, na hapa fungua macho unapoagiza: SmBiT inavutana na LgBiT kwa ulegevu sana (takriban mikromola 190) na inatumiwa kuona kama protini mbili zinakutana; HiBiT inavutana nayo kwa nguvu (nanomola 0.7), ikiikuta haiiachii. Kwa kupima wingi unataka HiBiT. Majina yanafanana, kazi hazifanani.

Kipimo chenyewe hakina ufundi mwingi. Seli zenye protini yenye HiBiT ziko kwenye sahani nyeupe ya visima 96. Unamimina kitendanishi chenye sabuni ya kupasua seli, LgBiT na furimazini. Unatikisa, unasubiri kama dakika kumi, unasoma. Mwanga unalingana na idadi ya HiBiT, kutoka kiasi kidogo mno, chini ya attomoli moja, hadi mara milioni kadhaa zaidi bila mstari kupinda. Hakuna kuosha, hakuna kingamwili, hakuna usiku wa kuamkia labo.

Na kwa bahati, mfano wetu umeshajaribiwa. Mwaka 2018 watafiti walioitangaza njia ya kupandikiza HiBiT kwa CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni, walichagua HIF-1α hiyo hiyo, pamoja na protini kadhaa ambazo HIF inaziwasha, wakaonyesha kwamba wanaweza kufuata kupanda na kushuka kwake hata bila kutenga seli moja moja na kuzikuza upya. Kwa hiyo anayetaka kupima kobalti kwa njia hii haanzi gizani.

Kazi haijafutwa, imehamishwa

Hapa ndipo wauzaji wanapokimbia haraka, na ndipo mimi napenda kukaa.

Chukua westani bloti. Harry Towbin na wenzake waliichapisha mwaka 1979, na hatua zake hazijabadilika sana: unapasua seli, unatenganisha protini kwenye jeli kwa umeme, unazihamishia kwenye utando, unazuia nafasi zilizo wazi kwa maziwa ya unga au albumini, unalaza utando na kingamwili ya kwanza usiku kucha, unaosha, unaweka ya pili, unaosha tena, unapiga picha. Siku mbili. Kwa HIF-1α ongeza mbio: tangu unapoitoa sahani kwenye inkubeta, protini inaanza kuvunjwa, kwa hiyo kila kitu kwenye barafu, na vizuizi vya proteasomu viwe vimeshawekwa. Jeli moja inakupa nafasi kumi hadi kumi na tano. Dozi nane za kobalti, mara tatu kila moja, kwenye saa tano tofauti ni sampuli 120. Piga hesabu ya jeli, kisha piga hesabu ya kingamwili, ambayo chupa moja ndogo ni mamia ya dola kabla ya usafiri.

Na ukimaliza, unacho kivuli cheusi kwenye picha, ambacho kompyuta inakigeuza namba. Kivuli kikikolea kupita kiasi, namba inaganda pale pale hata protini ikiongezeka maradufu. Bloti ni nzuri kwa kusema "ipo", "haipo", "ni kubwa au ndogo". Kwa mkunjo wa dozi inalegea.

HiBiT inageuza mzigo huo. Sampuli 120 ni sahani moja na robo, asubuhi moja. Lakini kabla ya asubuhi hiyo kuna wiki nyingi: kubuni RNA elekezi, kuagiza uzi wa DNA wenye herufi 33 za HiBiT na mikono yake pande mbili, kuingiza Cas9, kimeng'enya kinachokata DNA, ndani ya seli kwa mshtuko wa umeme, kukuza zilizopona, kuthibitisha kwa usomaji wa DNA kwamba lebo imeketi mahali pake. Udogo wa HiBiT unasaidia hapa pia, maana uzi wote unaweza kutengenezwa kwa kemia kiwandani na kutumwa kwenye bahasha. GFP, yenye herufi zaidi ya 700, inadai plasmidi au kipande kirefu cha DNA, na seli zinakipokea kwa shida zaidi.

Swali la mtu wa Lubumbashi basi ni hili: unataka kazi yako ikae wapi? Bloti inaigawa kazi kwa kila sampuli, na kila mara inadai siku mbili za umeme usiokatika katikati ya kuhamisha protini. Kwa delestaji (kukatwa-katwa kwa umeme) ya SNEL, shirika la umeme, anayeianza bila inveta au jenereta anacheza bahati nasibu. Kusoma HiBiT kunamalizika ndani ya dirisha fupi la umeme. Hata betri ndogo inaibeba luminomita, mashine ya kuhesabu mwanga. Upande wa pili, kutengeneza seli kunadai inkubeta ya nyuzi 37 na gesi ya kaboni dioksidi kwa wiki mfululizo, na usiku mmoja mbaya unaweza kuua kila kitu.

Kwa hiyo sishauri mwanafunzi wa leseni (shahada ya kwanza) au hata wa masta ajaribu CRISPR yake ya kwanza hapa kwa ajili ya jaribio moja. Ushauri wangu ni mgawanyo: seli zitengenezwe kwa mshirika mwenye uzoefu, Ubelgiji, Afrika Kusini au popote, au zinunuliwe zikiwa tayari, kisha maswali ya kobalti, ambayo ni yetu, yapimwe hapa. Seli zikishakuwepo, bei ya kila sampuli inashuka, na wanafunzi watatu wanaofuatana wanaweza kuzitumia. Kama una sampuli kumi na mbili tu maishani mwako, fanya bloti na ulale.

GFP kwa kifupi

GFP ni maridadi, na Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walistahili Nobel yao ya 2008. Ukitaka kuona protini iko kiini au nje ya kiini, katika seli hii na si ile, hadubini na GFP hazina mshindani. HiBiT iliyopasuliwa inakupa wastani wa kisima kizima na kukunyima picha. Kwa wingi wa HIF-1α lakini GFP ni chaguo baya kwa sababu mbili. Inahitaji muda, na inahitaji oksijeni, ili kiini chake cha rangi kikomae. Protini inayoishi dakika tano itavunjwa kabla haijang'aa. Na ukitaka kulinganisha kobalti na ukosefu halisi wa oksijeni, GFP itashindwa upande mmoja wa ulinganisho wako. Tena inadai kuchochewa na mwanga, na seli zenyewe zikichochewa zinang'aa kidogo, jambo linalozifunika protini adimu. Lebo za nuru hazimulikwi, kwa hiyo nyuma yake kuna giza karibu kamili.

Usinielewe vibaya kuhusu oksijeni: NanoLuc na HiBiT nazo zinaihitaji ili ziwake. Tofauti ni kwamba kwa HiBiT unazipasua seli kwenye hewa ya chumba wakati wa kusoma, na oksijeni ya chumba inatosha mmenyuko. Anayesoma seli hai ndani ya chemba isiyo na oksijeni, kwa lusiferesi yoyote ile, ana hesabu nyingine ya kufanya.

Damu ya mtu haina lebo

Hili linasahaulika mpaka siku ya kuandika mradi. Lebo zote za hapo juu zinaishi katika seli ambazo mtu ameziingiza kitu. Damu ya mchimbaji wa Kolwezi, kondo la nyuma kutoka wodi ya uzazi, figo ya samaki wa mto Lufira: hakuna HiBiT humo, wala haitakuwepo. Kwa sampuli za namna hiyo, chaguo ni bloti au ELISA, kipimo cha kingamwili kinachofanyika ndani ya visima na kusomwa kwa rangi.

Na kati ya hizo mbili, kwa sampuli nyingi, ELISA. Ina umri kuliko bloti, ilichapishwa mwaka 1971 na Eva Engvall na Peter Perlmann, inatumia sahani ile ile ya visima 96, na mashine yake ya kusoma rangi ndiyo iliyozoeleka zaidi katika labo za hospitali na vyuo. Udhaifu wake ni masafa mafupi: mkunjo wa kipimo unabeba kama mara mia moja tu kati ya chini na juu, kwa hiyo sampuli unazizimua na kuzirudia. Kwa HIF-1α ya damu sikushauri hata hiyo, protini itakuwa imevunjika kabla bomba halijafika labo. Pima kinachobaki nyuma yake, erithropoietini kwenye seramu. Hiyo inatulia, na vifaa vya ELISA vya kuipima vipo sokoni.

Muunganiko mzuri, ukipata makuta ya miaka miwili, ni erithropoietini kwa ELISA katika watu na HIF-1α kwa HiBiT katika seli, dozi za kobalti kwenye seli zikichaguliwa kwa kutazama viwango vilivyopimwa kwa watu. Majaribio mengi ya sahani hutumia kobalti ya mikromola 100 au zaidi. Hiyo inafaa kama kidhibiti chanya, yaani kisima cha kuthibitisha kwamba kipimo kinafanya kazi. Kwa kuzungumzia wakazi wa karibu na migodi, shuka chini sana, na huko chini ndiko unyeti wa HiBiT unakolipa gharama yake, maana bloti itakuonyesha utando mweupe.

Dondoo za miti, na mwanga unaodanganya

Kundi la pili linalouliza swali hili ni watu wa famasia wanaojaribu dondoo za mimea ya dawa. Wao wana hatari yao.

Lusiferesi ni kimeng'enya, na kimeng'enya kinaweza kuzuiwa na kemikali zilizo kwenye dondoo bila protini unayoifuata kubadilika. Resveratroli, polifenoli inayopatikana kwenye zabibu na mimea mingine, inajulikana kuizuia lusiferesi ya kimulimuli. Udanganyifu unaweza kwenda upande wa pili pia: kemikali inayoshika lusiferesi inaweza kuikinga isivunjwe, ikarundikana, mwanga ukapanda. Hivyo ndivyo ubishi ulivyozuka kuhusu ataluren, dawa iliyotafutwa kwa ripota ya kimulimuli. Mwaka 2009 watafiti wengine walionyesha kwamba inaishika lusiferesi yenyewe. Juu ya hayo, dondoo za gome na majani zina rangi, na rangi ya kahawia inameza mwanga. Mwanga wa NanoLuc ni wa buluu, karibu nanomita 460, eneo ambalo dondoo za kahawia na njano humeza kwa nguvu zaidi kuliko lile la kimulimuli la karibu 560. Hapo, kwa mara moja, kimulimuli ana nafuu.

Dawa ya tatizo ni kisima cha ziada. Chukua seli zenye lebo ambazo hazikupewa dondoo, zipasue, kisha ongeza dondoo wakati wa kusoma tu. Mwanga ukishuka, dondoo linagusa kipimo na halijagusa seli. Jaribio hili ni la nusu saa na ningelitaka katika kila tasnifu ya mimea inayotumia nuru. Fanya lile lile kwa kobalti. Ni metali, na kuamini bila kupima si tabia ya mkemia.

Kisima kingine kisichosamehewa ni cha idadi ya seli hai. Kobalti ikiua nusu ya seli, mwanga unashuka nusu, na HIF katika kila seli inaweza kuwa imepanda. Gawanya mwanga kwa idadi ya seli hai kila mara.

Ukishachagua HiBiT

Mambo machache ya kumuuliza anayekutengenezea seli, kabla hajaanza.

Lebo itakaa mwanzo au mwisho wa protini? Kwa protini zinazotolewa nje ya seli, mwanzo una kipande cha kuelekeza ambacho hukatwa na kutupwa. Lebo ikikaa hapo inatupwa nayo. Kwa protini ya utando, lebo ikiwa upande wa nje unapata zawadi: LgBiT haipenyi seli nzima, kwa hiyo kwa kitendanishi kisicho na sabuni unapima zile zilizofika juu ya seli tu.

Seli ni mchanganyiko au zimetengwa kutoka seli moja? Mchanganyiko unapatikana haraka na unatosha kulinganisha kabla na baada. Hautoshi kusema kuna molekuli ngapi kwa seli, kwa kuwa hujui ni seli ngapi zimebeba lebo. Zilizotengwa zinajibu hilo, lakini seli moja inaweza kuwa na tabia zake. Omba angalau koo mbili tofauti.

Je, kasi ya kuvunjwa imelinganishwa na ile ya protini isiyo na lebo? Mfuatano wa HiBiT ni VSGWRLFKKIS, na zile K mbili ni lisini, mahali ambapo yubikwitini, alama ya kupelekwa kwenye proteasomu, hujishika. Kwa protini nyingi haileti shida. Kwa yule anayechunguza uvunjaji, bloti moja ya kulinganisha, kwa kingamwili dhidi ya HIF-1α yenyewe, inamaliza ubishi. Unaona bado tunairudia bloti. Mara moja, kuthibitisha, kisha inapumzika.

Namba za luminomita ni za mashine hiyo tu. Mwanga 50,000 hapa na 50,000 Leuven si kitu kimoja. Ukitaka kulinganisha, agiza protini sanifu yenye HiBiT na uweke mkunjo wake kwenye kila sahani. Agiza pia seli mama zisizo na lebo, kwa ajili ya giza la chini, na sahani nyeupe zisizopitisha mwanga. Zile za uwazi za ELISA zinavujisha mwanga kutoka kisima hadi kisima.

Furimazini inakaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo ikifika iingie kwenye friza siku hiyo hiyo. Karatasi za forodha zikamilike kabla mzigo haujapakiwa, maana barafu kavu haisubiri mhuri Luano wala Kasumbalesa. Na seli ziombe mirija miwili: mmoja wa kufungua, mmoja wa kubaki kwenye nitrojeni mpaka wa kwanza uwe umekua, umepimwa na umegandishwa upya kwa wingi.